Mtu Asiyeweza Kuumizwa

Vijana wa vijiji vyetu, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi na Mtama, wana hadithi mpya. Hawakuisikia kwa bibi zao penye moto; wameiona katika simu, nayo imetoka Ujapani. Baadhi ya wazee wamesikia ikitajwa, wakauliza: Je, yafaa kijana wa Kikristo apoteze saa zake kwa upuuzi wa namna hiyo? Swali hilo sitalijibu mara moja, maana ndani ya upuuzi huo mna swali jingine lililo kubwa kuliko hilo, tena ni la zamani katika nchi yetu hii. Watu wengi sana walikufa kwa ajili yake.

Kwanza niwaeleze hadithi wale wasioijua. Wajapani huziita hadithi zao za picha manga. (Mzee wa pwani akisikia neno hilo atadhani twasema habari za Arabuni na pilipili; lakini ni neno lao wenyewe, wala halina udugu na Manga yetu.) Mtungaji wake hujiita ONE, naye alianza kuichora mwaka 2009 kwa mkono usio hodari, akaitoa katika intaneti bure. Mwaka 2012 mchoraji stadi, Yusuke Murata, alianza kuichora upya, na mwaka 2015 ikafanywa kuwa picha za sinema. Habari zake ni za mtu mmoja aitwaye Saitama. Mtu huyu hakuwa na kazi wala sifa, akakusudia kuwa shujaa. Kwa muda wa miaka mitatu kila siku alijiinua kwa mikono mara 100, akainuka kwa tumbo mara 100, akachuchumaa na kusimama mara 100, akakimbia kilomita 10. Hata nywele zote zikamtoka kichwani, na nguvu zikamwingia zisizo na kipimo. Tangu siku ile hapana adui awezaye kusimama mbele yake. Kila mmoja hufa kwa ngumi moja.

Basi uchekeshaji wake ni huu. Zimwi hutoka baharini au chini ya ardhi, hubomoa mji, huua watu. Kisha husimama mbele ya Saitama na kujisifu, hutaja jina lake na asili yake na nguvu zake, mfano wa manju wa ngoma atambaye mbele ya wapinzani. Saitama humsikiliza kwa uchovu, hunyosha mkono, na zimwi limekwisha. Mawazo yake yeye yako sokoni, kwa kuwa leo ndiyo siku bidhaa zinapouzwa rahisi, naye anachelewa. Tena mtu huyu awezaye kupasua mlima hushindwa na mbu mmoja: ampiga kofi huku, ampiga kule, na mbu huyo aruka salama. Sisi tulalao na mbu wa Lindi tangu utoto twajua kicheko hicho kimetoka wapi.

Walakini chini ya kicheko mna huzuni. Saitama mwenyewe asema kwamba hasikii tena kitu moyoni. Zamani, alipokuwa mnyonge, alipopigana aliogopa, akatetemeka, akafurahi mno alipopona. Sasa akirudi nyumbani kutoka vitani hana la kusimulia, kama mtu aliyekwenda kutupa taka. Amepata yote aliyoyatafuta, na yale aliyoyapata yamemwondolea ladha ya kutafuta.

Watambaji wa kale walilijua jambo hili, ndiyo sababu hawakumwacha shujaa wao bila mahali pa kuumizwa. Fumo Liongo wa pwani ya Lamu hakuingiwa na chuma popote mwilini, ila kitovuni, tena kwa sindano ya shaba tu. Na aliyemchoma alikuwa mtu wa damu yake, aliyehongwa. Samsoni naye alikuwa na nywele zake. (Angalieni jinsi mambo yalivyogeuzwa: Samsoni alinyolewa nywele, nguvu zikamtoka, huyu Mjapani nywele zilimtoka, nguvu zikamwingia.) Mwamuzi au mwimbaji wa zamani angalimpa Saitama kitovu. ONE amemnyima kwa kusudi, ili tuone matokeo yake, nasi tumeyaona: mtu mwema, mpole, mvivu kidogo, aliyechoshwa na maisha.

Sasa lile swali. Je, asiyeweza kuumizwa aweza kuitwa shujaa?

Mimi nasema hawezi, na sababu yangu ni hii. Mkulima wa nchi yetu hulala dunguni usiku kulinda mahindi yake, maana nguruwe wakiingia hawamwachii hata bua moja. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita na ya mwanzo wa karne hii, huku Lindi na Rufiji simba walikula watu wengi, na waliowafuata nguruwe mashambani wakawakuta hao walinzi, ambao dungu lao ni miti michache na nyasi. Mkulima alijua. Alikuwa amekwisha kumzika jirani yake, au ile iliyosalia ya jirani yake. Jua liliposhuka alitwaa mkeka wake, akaenda, kwa sababu watoto hawana budi kula. Sasa mtwaeni Saitama mkamlaze katika dungu lile. Simba atakuja, Saitama atampiga ngumi, kisha atageuka upande wa pili alale. Mahindi yatapona vilevile. Tutamshukuru, tena tutamshukuru sana, lakini tutakuwa tumemshukuru kama tushukuruvyo ukuta mnene au mvua iliyonyesha kwa wakati wake. Ushujaa ni jina la kitu alichokuwa nacho yule mwenye mkeka.

Mtungaji mwenyewe yaonekana ameliona neno hili, kwa kuwa katika hadithi hiyohiyo amemtia mtu mwingine, aitwaye Mumen Rider, naye hana nguvu ya ajabu hata moja, ana baiskeli. Siku moja zimwi kubwa litokalo kilindini laja mjini, limekwisha kuwashinda mashujaa wenye majina makubwa. Watu wamejificha katika jumba moja, hawana mlinzi. Mpanda baiskeli aja, atupwa chini, avunjika, asimama tena. Asema wazi kwamba ajua hatashinda, wala hilo silo jambo la kuulizwa sasa. Jambo ni kwamba yuko yeye hapa, na watu wako nyuma yake. Apigwa tena. Ndipo afikapo Saitama, amdaka asianguke, amsifu kwa vita vyake vizuri, kisha alimaliza zimwi kwa ngumi moja. Vijana wengi nimewasikia wakishangilia ile ngumi. Ningependa waitazame tena sehemu iliyotangulia.

Nilisema kwamba swali hili ni la zamani katika nchi yetu. Mwaka 1904, huko Ngarambe, kaskazini-magharibi ya Kilwa, alitokea mtu jina lake Kinjikitile Ngwale, akasema amepagawa na pepo Hongo. Watu wakamwendea makundi kwa makundi, akawapa maji yaliyochanganywa na mtama, nao wakaambiwa kwamba atakayeyapata risasi ya Mdachi haitamwingia; itageuka maji. Mwisho wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waling'oa mashina ya pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini maji yalikuwa yamekwisha kwenda mbali kuliko kamba ya Wadachi, kwa Wangindo, na Wapogoro, hata kwa Wangoni.

Si haki kumcheka mtu aliyeyanywa maji yale. Alikuwa amepigwa kiboko na akida, amelima shamba lisilo lake, amelipa kodi kwa fedha asiyokuwa nayo. Na mbele yake kulikuwa na bunduki. Aliyekuja kumwambia, Hutaumizwa, alisema neno ambalo moyo wake ulikuwa ukiliomba usiku na mchana. Tena maji yaliwafanya watu wa makabila mbalimbali, waliokuwa wakiogopana tangu zamani, kusimama pamoja. Jambo hilo ni kubwa, na wanahistoria wengi hulikiri.

Lakini tuulize kwa kiasi. Mtu aiendeaye bunduki hali akisadiki kwamba itatema maji, je, ni shujaa kuliko yule atembeaye mvuani? Nakubali kwamba siri za moyo hatuzijui. Huenda wengi walikuwa na shaka, wakaenda vivyo hivyo. Lakini kwa yule aliyesadiki kabisa, siku ile ya kwanza ilikuwa siku ya Saitama, siku ya mtu asiye na kitovu.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, na bombom mbili zikawangoja. Risasi hazikugeuka maji. Safu ya mbele ikaanguka, na nyuma yake nyingine. Hapo kila aliyebaki hai alijua, kama ajuavyo kwamba usiku ni usiku, ya kuwa mwili wake ni nyama kama nyama nyingine. Nasi twatazamia kusoma kwamba vita vilikwisha siku ile. Havikwisha. Katika Umatumbi na nchi ya Liwale, na kwa Wangoni, watu waliendelea kupigana msituni na milimani, wengine hata mwaka 1907. Nionavyo mimi, ushujaa wa watu wale ulianza siku maji yaliposhindwa. Walioondoka Mahenge wakajificha, wakavizia njiani, wakalinda watoto wao mapangoni, hawakuwa tena na ahadi ya mtu yeyote. Vitabu vya shule husimulia zaidi habari za maji, na mimi hufundisha hivyo kwa sababu mtihani huuliza hivyo. Lakini sehemu ya vita iliyo bora ni ile isiyo na maji.

Tena kulikuwa na mtu asiyeumizika katika vita vile, ila alikuwa upande wa pili. Aliketi nyuma ya bombom, mbali na mkuki, akakizungusha chombo chake, na watu wakaanguka kama mtama. Hatimaye serikali ya Wadachi iliacha kuwatafuta wapiganaji, ikachoma mashamba na maghala, ili njaa ifanye kazi. Vita vyote viliua Wazungu 15 tu, na karibu Waafrika 400 waliokuwa askari na wasaidizi wao. Kwa upande wetu, Wadachi wenyewe walihesabu watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria tangu 250,000 hata 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa, si kwa risasi. Vijana wangu, ngumi moja ilipotokea kweli duniani, ilikuwa hivyo. Wala haikuchekesha.

Na sisi Wakristo? Katika mwezi uleule wa Agosti 1905 nyumba za misioni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa kwa mikuki huko Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale, walipokuwa safarini kwenda Peramiho. Walikuwa na ubatizo na daraja takatifu, na sala za watu wengi nyuma yao. Na mkuki uliingia. Hapana aliyewaahidi kwamba hautaingia. Nalikumbusha neno hili kwa sababu naona siku hizi maji yamerudi, nayo yamevaa msalaba. Yako mafuta yauzwayo ili gari lisipinduke, na maji ya chupa yazuiayo uchawi, na leso iliyoombewa ili mwenye nayo asiguswe na ugonjwa. Wako na wasionunua vitu hivyo, walakini wasali kana kwamba sala ni chanjo. Mtoto akifa wasema, Basi Mungu hakusikia, au, Imani yangu ilikuwa haba. Padre mmoja aliniambia kwamba kazi iliyo ngumu kupita zote katika utumishi wake ni kukaa na mama wa namna hiyo, aliyefiwa, tena anajihukumu kwamba yeye ndiye aliyeyamwaga maji.

Maombi na kinga si kitu kimoja. Someni habari za Bwana wetu alipojaribiwa. Mwovu alimpandisha juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa kwamba malaika watamchukua, asijikwae. Mara nyingi twasema jaribu lile lilikuwa la kiburi. Nami naona lilikuwa ndilo lile la Ngarambe, yaani kuitwa kuwa mtu asiyeweza kuumizwa, atembeaye kati yetu kama mtu atembeaye mvuani, naye akakataa. Pale msalabani waliompigia kelele kwamba ashuke walimtaka jambo lilelile. Na alipofufuka, mwili ule uliopita mlango uliofungwa ulikuwa na alama za misumari, hata Tomaso akaitiwa kuzigusa. Nguvu zote za mbinguni na duniani alikuwa nazo, na makovu hakuyafuta.

Hapo mtu ataniuliza: Je, nguvu nyingi ni mbaya basi? Mwenye nguvu afanye nini nazo? Siwezi kusema ni mbaya. Mwenye mtumbwi mkubwa ndiye avushaye wagonjwa. Tena Saitama, ambaye nimemvua jina la ushujaa, nitamrudishia nusu yake. Baada ya kuliua lile zimwi la kilindini, mtu mmoja katika mkutano alianza kuwadharau mashujaa walioshindwa: kumbe zimwi lilikuwa dhaifu, ikiwa huyu asiyejulikana amelimaliza kwa pigo moja! Saitama akacheka, akasema mbele ya wote kwamba wenzake ndio waliolichosha, yeye alifika mwisho akaokota ushindi usio wake. Watu wakamzomea, nao waliojeruhiwa wakahifadhi heshima yao. Kusema uongo si vizuri, wala sitaki wanafunzi wangu wajifunze hapo. Lakini tazameni alipopatikana mahali pa kuumizwa mtu yule ambaye zimwi halikumpata. Palikuwa katika jina lake, naye alipafunua mwenyewe, kwa hiari, ili mpanda baiskeli asidharauliwe.

Kilwa pia ina habari ya namna hii. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, Baba wa Vipawa. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha sultani alipotoka katika sala, akamwomba nguo zilezile alizovaa. Akasema, Nitakupa. Fakiri akataka zitolewe saa ileile. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwenye majumba na ghala za pembe za ndovu, na dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake, alisimama kitambo kidogo akiwa ameombwa hata kile kilichogusa ngozi yake. Nami naipenda habari hiyo. Baadaye mwanawe alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Na hapo mapenzi yangu yakoma, kwa kuwa nguo zilikuwa zake, bali wale ishirini hawakuwa kitu cha kutolewa na mtu, wala msafiri hakuandika jina la hata mmoja wao.

Neno moja limebaki, ambalo wengi waitazamao hadithi ya Saitama hawalijui. Jina lake kwa Kijapani, Wanpanman, ni utani juu ya jina la shujaa mwingine aliyemtangulia, Anpanman, ambaye kila mtoto wa Ujapani amjua. Kichwa chake huyo ni mkate mdogo wa mviringo, uliotiwa ndani maharage yaliyopondwa na sukari. Aliyemtunga ni Takashi Yanase, aliyezaliwa mwaka 1919. Alikuwa askari katika vita vya Uchina, akajua njaa. Ndugu yake alikufa vitani. Na vita vilipokwisha akaambiwa kwamba yote aliyofundishwa kuyaita haki hayakuwa haki. Akajiuliza ni haki gani isiyogeuka kwa kugeuka serikali, akaona moja tu, nayo ni kumlisha mwenye njaa. Basi Anpanman huruka akitafuta walio na njaa, na akimkuta mmoja humpa uso wake amege, ale. Akisha kuliwa hupungukiwa na nguvu, huruka chini chini, aweza kupigwa na kuangushwa, hata mwoka mikate amfanyie kichwa kipya.

Nimewaza mara nyingi juu ya shujaa huyo nikikumbuka njaa ya Matumbi. Mkristo aliyekwisha kupiga magoti mbele ya altare hatahitaji nimweleze zaidi. Kitabu cha kwanza cha picha zake kilipotoka mwaka 1973, watu wazima wengi wa Ujapani, na walimu pia, walichukizwa, wakasema si jambo jema kuwaonyesha watoto mtu anayeliwa uso. Watoto hawakuchukizwa. Walikiomba tena na tena, hata kurasa zikachakaa.